Tairi Ling'aalo na Ukuta Uliopakwa Chokaa

Mazungumzo ya redio. Somo: Ezekieli 13:10-16

Ninyi mlio safarini, tegeni masikio zaidi, maana leo twataka kusema juu ya matairi.

Msishangae. Bwana wetu alifundisha kwa chachu, kwa taa, kwa wavu na kwa viriba vya divai, yaani vitu ambavyo wasikilizaji wake walivishika kila siku. Nasi twaishi katika nchi ya magari. Ukipita Jumamosi jioni mahali wanapoosha magari, iwe Nairobi, Nakuru, Kisumu au Mombasa, utawaona vijana wakimaliza kazi yao kwa namna moja. Gari likiisha kuoshwa na kufutwa, kijana huchukua chupa na kipande cha sponji, huchuchumaa kando ya kila gurudumu, akapaka. Mara tairi lililokuwa limepauka huwa jeusi tena, hung'aa kama kwamba limetoka dukani leo. Kesho yake gari hilo huegeshwa uani kwa kanisa, na watu husema, "Kweli ndugu yetu hulitunza gari lake."

Washiriki kadhaa wametuuliza: Je, yale mafuta ya kung'arisha hudhuru tairi? Swali hili ni jema, maana tairi hununuliwa kwa fedha nyingi, nalo hubeba uhai wa watu. Basi na tulijibu kwanza kama jambo la tairi, kisha tutazame Neno la Mungu latuambia nini.

Watu wengi hudhani weusi wa tairi ni rangi iliyopakwa juu. Sivyo. Mpira wenyewe hauna weusi. Weusi hutokana na masizi laini sana yanayochanganywa na mpira kiwandani, nayo huupa nguvu na kuukinga na jua. Pamoja na masizi hayo, watengenezaji hutia nta na dawa maalumu za kuulinda mpira na hewa iitwayo ozoni. Karibu na ardhi ozoni huwa kidogo tu, lakini hata hiyo kidogo huweza kupasua mpira uliovutika. Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Nta hiyo na dawa hizo hazikai mahali pamoja. Tairi linapozunguka na kujikunja-kunja barabarani, hutoka ndani polepole, hufika juu, na kuufunika mpira kwa utando mwembamba wa ulinzi. Ndiyo sababu gari lililoegeshwa miezi mingi bila kutembezwa huweza kupasuka ubavuni mwa matairi upesi kuliko gari la kazi.

Tena, ile rangi ya kahawia tuionayo ubavuni mwa tairi, ambayo wengi huisugua kwa aibu wakiiita uchafu, mara nyingi ni dalili ya dawa ile iliyokwisha kupigana na hewa. Haipendezi machoni, lakini ni alama ya kazi iliyofanyika.

Basi, mafuta ya kung'arisha yako ya namna mbili. Ya kwanza ni yale yaliyotengenezwa kwa maji na silikoni, meupe kama maziwa. Hayo, yakipakwa kwa kiasi juu ya tairi lililooshwa, kwa kawaida hayaudhuru mpira. Namna ya pili ni yale yaliyoyeyushwa kwa vitu vya jamii ya petroli. Hayo hung'aa zaidi na hudumu zaidi, lakini yakitumiwa mara kwa mara huweza kuiondoa nta ile na dawa zile, na kuuacha mpira ukikauka na kupasuka. Kibaya kupita hayo ni desturi ya kupaka dizeli, mafuta taa, au oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Vitu hivi huuingia mpira, huuvimbisha na kuulegeza. Tairi hung'aa siku moja au mbili, huku nguvu yake ikipungua.

Liko na onyo jingine. Mafuta haya yasiguse kamwe ule uso wa tairi unaokanyaga barabara, wala breki. Na ninyi ndugu zetu wa bodaboda, msiyapake kabisa. Pikipiki inapolala kwenye kona, husimama juu ya ukingo wa tairi, nao ukiwa na utelezi, dereva na abiria wako chini. Walio na magari, tairi lenu lisafisheni kwa maji na sabuni isiyo kali. Hilo latosha. Mkitaka kuling'arisha, chagueni yale ya maji, pakeni kidogo ubavuni tu, mkafute yaliyozidi.

Lakini wapenzi, hatari kubwa ya mafuta haya haimo ndani ya chupa. Hatari kubwa ni kwamba yanafunika. Tairi lililozeeka, lenye nyufa ndogo ndogo ubavuni, likipakwa vizuri, nyufa hizo hazionekani upesi. Mnunuzi wa gari lililotumika hulizunguka, hutazama, huridhika. Sheria yetu huruhusu magari yaliyotumika yaingizwe nchini yasipozidi umri wa miaka minane, na huenda tairi likawa na umri sawa na gari lenyewe. Hata hivyo liking'aa, twaliona jipya. Kumbe umri wake umeandikwa ubavuni mwake: tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2316 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2016. Chupa haiwezi kuzifuta tarakimu hizo. Wala mng'ao hauongezi upepo. Tairi lenye upepo mchache hujikunja kupita kiasi, hupata joto jingi katika mwendo wa kasi, na mwisho hupasuka. Katika lile joto la barabara ya kwenda Mombasa, dereva hataulizwa kama tairi lake lilikuwa linang'aa.

Sasa twende kwa nabii Ezekieli. Alikuwa uhamishoni Babeli, kabla Yerusalemu haujaanguka. Watu wa Yuda walikuwa wamejijengea matumaini dhaifu, na Mungu anayafananisha na ukuta. Ukuta ulikuwa mbovu. Lakini manabii wa uongo hawakuwaambia watu waubomoe na kuujenga upya. Walikuja na chokaa, wakaupaka, wakasema kuna amani, na amani haikuwapo. Ukapendeza machoni. Bwana akamwambia Ezekieli kwamba mvua ya kufurika itakuja, na mvua ya mawe, na upepo wa dhoruba, na ukuta utaanguka pamoja na waliokuwa chini yake. Kisha watu watauliza, iko wapi ile chokaa mliyoipaka?

Tazameni, Bwana hakukasirikia weupe wa chokaa. Alikasirika kwa sababu chokaa iliwazuia watu wasiuone ufa wakati ulipokuwa bado waweza kutengenezwa.

Je, kwetu haliko jambo la namna hii? Bwana na bibi hawajasemezana majuma matatu, lakini Jumapili waja pamoja, wamevaa vizuri, waketi kiti kimoja, na watu wawasifu. Kijana wa kwaya ameanza kulewa, na jamaa wasema ni malaria. Hesabu za kanisa hazilingani, na halmashauri yaamua kwamba jambo hilo lisisemwe mbele ya washiriki, lisije likaharibu sifa ya kanisa. Na sisi wahubiri, ambao onyo la Ezekieli latugusa kwanza, twaweza kusimama mimbarani tukasema amani, amani, kwa kuwa maneno hayo hupendeza, na sadaka hazipungui. Hiyo yote ni kazi ya sponji na chupa. Ndoa ile itaendelea kubeba watoto, na kanisa lile litaendelea kubeba watu, mpaka siku ya mwendo wa kasi na joto kali.

Ndugu wapenzi, hatusemi kwamba usafi ni dhambi, wala hatuwalaumu vijana wanaopata chakula chao kwa kuosha magari. Kazi yao ni halali. Twasema hivi: oshwa kwanza, tazamwa kwanza. Fundi mwema hulimwagia tairi maji, hulifuta likauka, akapitisha mkono ubavuni mwake, akatazama mahali panapojikunja. Mtume Yohana, katika waraka wake wa kwanza, mlango wa kwanza, atufundisha vivyo hivyo: tukijisema kuwa hatuna dhambi, twajidanganya, bali tukiziungama, Mungu ni mwaminifu, naye hutusamehe na kutusafisha. Kuungama ni kuruhusu ufa uonekane mahali ambapo unaweza kutengenezwa. Ajabu yake ni kwamba mtu aliyeungama huonekana mchafu mbele ya watu kwa muda, kama ubavu wa tairi wenye rangi ya kahawia. Wengine watamnong'ona. Lakini huenda ndiye peke yake katika mkutano ule ambaye ulinzi wa Mungu wafanya kazi juu yake.

Tukumbuke pia kwamba ulinzi wa kweli hutoka ndani. Paulo awaandikia Wafilipi, mlango wa pili, kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu. Kwa hiyo nasi yatupasa kuutimiza wokovu wetu kwa matendo. Neema ambayo Mungu ameitia ndani ya mwamini hufika juu anapotembea: anapomtembelea mgonjwa, anapolipa deni lake, anapomwomba mkewe msamaha. Mkristo aliyeegeshwa hupasuka, ingawa hakuna aliyemgonga.

Mwisho, liko jambo moja ambamo mfano wetu washindwa, na twamshukuru Mungu kwa hilo. Tairi lililopasuka ubavuni halitengenezeki. Fundi mwaminifu atakuambia, litupe. Lakini Ezekieli yule yule, katika mlango wa 36, apewa ahadi kwamba Bwana atawapa watu wake moyo mpya, na roho mpya ndani yao. Mungu hatupaki mafuta, wala hatutupi. Hutuumba upya. Ndiyo sababu hatuna haja ya kuficha nyufa zetu mbele zake.

Basi wiki hii fanyeni mambo mawili. Lisomeni tairi la gari lenu, au la matatu mnayoikodi kwenda mazishini au arusini, na likiwa bovu, semeni wazi, hata kama dereva atakasirika. Kisha mwombeni Bwana aisome mioyo yenu kwa namna hiyo hiyo.

Na tuombe. Ee Mungu uonaye yaliyo ndani, utuoshe kwanza, ndipo utupambe. Utuonyeshe nyufa zetu tungali na nafasi. Uwape wahubiri wako ujasiri wa kusema kweli. Uwalinde wote walio barabarani saa hii, madereva na abiria, uwafikishe salama kwa jamaa zao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.