Maneno Juu ya Homa ya Ini



Nimetakiwa niseme machache juu ya homa ya ini. Mimi si mganga, ni karani kama ninyi; lakini kazi ya karani ni hesabu, na hesabu ya ugonjwa huu yafaa isomwe kwa sauti. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 yasema kwamba mwaka 2022 watu 254,000,000 walikuwa na homa ya ini ya aina ya B, na katika kila mia ya hao, 13 tu ndio waliokwisha kupimwa wakajulikana. Wale 87 waliosalia huenda kazini, hula na kulala, wala hawana habari.

Sababu ni kwamba virusi hivi huweza kukaa ndani ya ini miaka mingi pasipo maumivu. Mtu hungoja macho yawe ya manjano ndipo aende hospitali, na pengine siku hiyo ini limekwisha kuwa gumu au limeingiwa na saratani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Aina ya A na ya E huja kwa maji na chakula kilichochafuliwa. Ya B na ya C hupita katika damu: wembe uliotumiwa na mwingine, sindano, chale. Ya B hupita pia katika kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa.

Lakini haipiti katika kikombe cha chai, wala katika kupeana mkono. Tukimtengea mwenzetu kikombe kwa kuwa amepimwa akaonekana nayo, tumemwonea yeye, na tumewafundisha wengine wote wasipime. Tena, karani ashikaye faili ya vyeti vya hospitali akumbuke kwamba siri iliyomo si mali yake.

Dawa zipo. Aina ya C huponywa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Ya B hutulizwa, na chanjo yake huikinga. Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo hiyo mwaka 2002 katika chanjo za kawaida. Basi wengi wetu tuliozaliwa kabla yake hatukuipata. Mtu mzima hupimwa kwanza, na akionekana hana, huchanjwa mara tatu kwa muda wa miezi sita. Aliyechanjwa mara moja akaacha, hajamaliza kazi.

Kwa hiyo natoa shauri: kabla ya mkutano ujao kila mwanachama akapimwe, pamoja na mwenzi wake. Katibu asiulize majibu, aulize tu, "Umekwenda?" Kila mmoja ajibu ndiyo au la, basi.