Muuguzi anasikiliza kwanza, njo anasema
Maneno yaliyosemwa mbele ya memba wa shirika, kartie Mapendo, Goma



Leo nataka kusema juu ya wauguzi wetu, na nianze na kosa langu. Nilipoanza kazi hii, nilipeleka kwenye kituo kimoja cha afya karatasi za kipindupindu. Zilikuwa za Kifaransa kizuri, na picha za rangi. Nikazigawa, nikapiga foto ya ripoti, nikaenda. Kisha wiki mbili nikarudi, nikakuta mama mmoja anafungia karanga ndani ya karatasi yangu. Hakukosa yeye. Hakuna aliyemwelezea kitu.

Siku ile muuguzi wa pale alinifundisha kazi. Hakuanza na somo. Aliuliza wamama: "Kule munachota maji, wanasema nini juu ya klorine?" Mmoja akajibu polepole: "Wanasema inazuia kuzaa." Wengine wakacheka, lakini wote walikuwa wameisikia. Muuguzi hakucheka. Alichota maji ya bido iliyotiwa klorine, akakunywa mbele yao, akasema: "Hata watoto wangu wanakunywa haya." Kisha akawaonyesha dawa ya kuharisha ya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Akawaachia wachanganye wenyewe. Mama wa karanga njo alichanganya wa kwanza.

Goma yetu ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1994 kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi hapa kwa wiki chache tu. Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini Agosti 2018, wengi walisema ni biashara. Waliokuja kufundisha walifika na magari, wakasema, wakaenda. Lakini tarehe 14 Julai 2019 mgonjwa wa kwanza alipoingia Goma na basi kutoka Butembo, kwenye kituo cha afya walimshuku mara moja, akapelekwa kutunzwa siku ileile. Mji huu mkubwa uliishia na wagonjwa wanne.

Sasa turudi kwetu. Wengi wenu mulipitia kambini. Kule reko alipita hema kwa hema, na muuguzi alikuwa karibu. Kambi zilipovunjwa mwanzo wa 2025, ile sauti nayo ilikatika. Hapa kila mtu anafunga mulango wake. Memba wetu mmoja alimnyima maji mtoto anayeharisha siku mbili, juu jirani alimwambia maji yanaongeza kuharisha. Mtoto alipona, lakini ilibaki kidogo sana.

Kwa hiyo naomba kila avenyu ichague mama mmoja. Kila wiki aende kwa muuguzi na maulizo yote aliyosikia, hata yale ya haya, arudi na majibu. Asiogope kupeleka uvumi: muuguzi asiyeujua hawezi kuujibu.

Na ninyi wafadhili, karatasi zinatosha. Mutusaidie na klorine, sabuni, na transpoti ya muuguzi ili afike mpaka ndani ya avenyu, akae chini, asikilize.