Ukiona Vyaelea, Vimeundwa
Hotuba kwa vijana, wazazi na washirika wa makanisa, Pipeline, Nairobi



Tumeitwa hapa Pipeline tujibu swali ambalo wazazi hutuuliza kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa. Mtoto akichagua kusomea sayansi ya siasa chuo kikuu, tumpe baraka au tumkanye? Wengi husema kwamba siasa ni mchezo mchafu, na kwamba karo iliyotokana na kuuza sukumawiki au na kibarua cha kiwandani haifai kumwagwa huko. Aulizaye hivyo ni mtu ajuaye thamani ya shilingi, nasi tutamjibu kwa heshima.

Kwanza tukumbuke hofu hii ilikotoka. Mwezi wa Juni mwaka 1982, Bunge lilitia kifungu cha 2A katika Katiba, KANU ikawa chama cha pekee kisheria. Mwaka huo huo wahadhiri kadhaa waliwekwa kizuizini bila kuhukumiwa, miongoni mwao Willy Mutunga, aliyefundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, chuo chenyewe kilifungwa. Ndipo wazazi walipojifunza kuwaambia watoto wao: soma, nyamaza, utafute kazi. Lakini, ndugu zangu, hakuna mtawala aogopaye kitu kisicho na nguvu. Kama elimu hii ingekuwa porojo tupu, nani angejisumbua kuwafunga wanaoifundisha? Mutunga huyo huyo alikuwa Jaji Mkuu wa kwanza chini ya Katiba mpya, kuanzia mwaka 2011 hadi 2016.

Elimu hiyo inafundisha nini basi? Haifundishi kupiga kelele jukwaani, wala kugawa fulana na unga. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanafunzi wa siasa hujifunza jinsi mamlaka yanavyoundwa, yanavyogawanywa na yanavyozuiliwa yasimle mwananchi.

Tutazame mtaa huu wetu. Majumba ya ghorofa yamesongamana hata jua halifiki vyumba vya chini, na jirani aweza kumpa jirani chumvi kwa kupitia dirishani. Mpita njia huona vurugu na kwenda zake. Aliyesoma siasa huuliza: nani aliidhinisha ramani ya jumba hili? Ni ofisi gani iliyopaswa kulikagua? Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezikabidhi serikali za kaunti mipango ya ujenzi, uzoaji wa taka, na huduma za maji na usafi. Kwa hiyo anayempelekea Mbunge malalamiko ya maji machafu yanayopita mlangoni pake amebisha mlango usio wenyewe. Pipeline ni mojawapo ya wadi 85 za Kaunti ya Nairobi, na ina mwakilishi wake katika Bunge la Kaunti. Huyo ndiye wa kuulizwa.

Lakini aulizwe lini? Sheria yataka makadirio ya matumizi ya kaunti yafikishwe katika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Anayekwenda kulia mwezi wa Agosti hukuta chakula kimekwisha kupakuliwa. Na akinyimwa habari, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 imempa afisa siku 21 za kumjibu mwananchi aliyeandika barua. Haya si mambo ya siri. Ni mambo yaliyoandikwa, ila wachache ndio wanaoyasoma, na wachache hao ndio wanaotutawala.

Hata hivyo, hatukuja kuwadanganya. Shahada ya siasa si tiketi ya kazi. Nafasi hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma na bodi za utumishi za kaunti, waombaji ni wengi kuliko nafasi, na nyote mmesikia minong'ono juu ya ukabila na chai. Hapa pia sheria ipo. Sheria ya Utangamano ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja, na Kifungu cha 232 cha Katiba chataka watu wateuliwe kwa ushindani wa haki na kwa sifa. Kijana asiyeijua sheria hiyo hunung'unika kibandani, naye aijuaye huandika barua na kudai rekodi.

Kwa hiyo tunawashauri vijana wasisomee siasa peke yake. Waongeze hesabu, ili waweze kusoma bajeti na kuona shimo lilipo. Waongeze sheria kiasi cha kuelewa mswada. Wakae katika ukumbi wa umma wa Bunge la Kaunti wasikilize, hata kama hakuna anayewalipa nauli.

Tena tuwaonye. Elimu bila dhamiri ni panga mkononi mwa mlevi. Katika uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, wananchi walijipanga nyuma ya wagombea mchana kweupe, na bado mahali pengi mwenye mlolongo mfupi akatangazwa mshindi. Waliotangaza hawakuwa wajinga wasiojua kuhesabu. Walikuwa maofisa waliosoma. Na sisi mawakili tusijitakase. Wako wenzetu waliowatetea waliofungwa, na wako wenzetu walioandika sheria zilizowafunga. Sura ya Sita ya Katiba, juu ya uongozi na uadilifu, iliandikwa kwa sababu taifa lilikwisha kuona msomi anavyoweza kuuza kalamu yake.

Mwezi wa Juni mwaka 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha, wakaufafanua kwa lugha ambayo mama wa sokoni aliielewa. Juni 25 wakaandamana, wengine wakauawa. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Tunawaheshimu waliokufa. Lakini tujiulize kwa uchungu: mswada unaofuata huandikwa na nani? Huandikwa na mtumishi aketiye mezani wizarani, ambaye hatujui jina lake. Barabara yaweza kuuzuia mswada mbaya, lakini haiwezi kuandika mzuri. Tusipowapeleka watoto wetu kwenye meza ile, wakiwa na elimu na hofu ya Mungu, tutaendelea kuwazika barabarani.

Wapendwa, Nehemia hakuanza kwa hotuba. Alizikagua kuta za Yerusalemu usiku, akajua zilipobomoka, ndipo akasema na wakuu. Yusufu naye aliwaokoa watu na njaa kwa kuweka akiba ya nafaka katika miaka ya shibe. Hao walikuwa watumishi wa umma.

Tuna ombi moja kwa makanisa. Januari 1, 1990, Mchungaji Timothy Njoya aliitumia mimbari kuuliza utawala wa chama kimoja utaendelea hadi lini, na nchi ikatikisika. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Leo hatuombi mimbari tu, twaomba madawati. Kijana wa Pipeline hulala chumba kimoja na wazazi na wadogo zake, taa ikizimwa mapema ili baba aamkie kazi. Atasomea wapi? Majengo yenu hukaa matupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Yafungueni jioni, wekeni taa, wekeni nakala ya Katiba na ya bajeti ya kaunti mezani, na mtu mzima mmoja wa kuwalinda watoto. Sisi mawakili tutakuja kwa zamu kufundisha, bila malipo.

Na kwako mzazi uliyeuliza: mtoto akitaka kusomea siasa, mpe baraka. Ila kabla hajaondoka mwulize, mbele ya ndugu zake, anakwenda kumtumikia nani. Jibu lake mkaliweke moyoni, siku akipata ofisi mmkumbushe.