Besi Iwafikie Wote: Mazungumzo na Vikundi Vinavyokodisha Vyombo vya Muziki



Kuna vikundi vyetu, toka Diani hadi Msambweni, vilivyochanga vikanunua vyombo vya muziki vya kukodisha kwenye harusi na harambee. Ni mradi mzuri. Lakini malalamiko hayakosi: walio katikati vifua vinapigwa, walio pembeni wanauliza kama besi imezimwa. Dijei anaongeza sauti. Jenereta inakula mafuta, spika zinaungua, na jirani mwenye mgonjwa anakwenda kwa chifu. Kisha kikundi kinakaa na kusema: tuchange tena, tununue sabufa nyingine.

Ngojeni kwanza. Huenda mlizonazo zinatosha, ila hazijapangwa vizuri.

Chanzo cha tatizo

Tumezoea kuweka sabufa moja kushoto kwa jukwaa na nyingine kulia, kwa kuwa inapendeza macho. Lakini sauti ni wimbi. Noti ya besi yenye mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita 7 hivi. Aliye katikati kabisa hufikiwa na mawimbi yote mawili kwa pamoja, yakaongezana nguvu. Lakini aliye karibu na sabufa moja kuliko nyingine kwa mita 3 na nusu, wimbi moja linamfikia likipanda na jingine likishuka. Yanauana. Ukiongeza sauti yanakua yote mawili, na yanauana vilevile!

Tazameni ngoma ya sengenya. Ngoma hazigawanywi nusu huku na nusu kule. Hukusanywa mahali pamoja. Na sabufa ni hivyo hivyo.

Tufanye nini?

1. Wekeni sabufa zote pamoja, zikigusana, katikati mbele ya jukwaa. Zikae chini juu ya ardhi ngumu, maana ardhi huongeza nguvu ya besi. Spika za sauti nyembamba zibaki kushoto na kulia, juu ya vichwa vya watu.

2. Kama lazima ziachane, kutoka kati ya moja hadi kati ya nyingine isizidi mita 1 na nusu. Safu ikiwa ndefu, ipindeni kidogo kama upinde, ncha zikirudi nyuma, la sivyo besi itakwenda mbele tu.

3. Kagueni nyaya. Pigeni besi kwa sabufa mbili zilizo pamoja, kwa sauti ndogo. Zimeni amplifaya, geuzeni nyaya za sabufa moja, mwashe tena. Namna inayotoa besi nzito zaidi ndiyo sahihi.

4. Kabla wageni hawajafika, mmoja wenu atembee uwanja mzima, upande hadi upande, mbele hadi nyuma. Asikilize wapi besi inapotea.

Jambo moja tusifichane: besi huzunguka, hata nyuma ya jukwaa inafika. Mafundi wenye chombo cha kuchelewesha sauti hugeuza sabufa moja kati ya tatu itazame nyuma, wakageuza nyaya zake na kuichelewesha kidogo, ili besi ya nyuma ipungue. Bila chombo hicho msijaribu. Ninyi chagueni mahali mbali na hospitali na nyumba za wagonjwa. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinakataza kusumbua watu, na Katiba ya 2010 imeipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Ulizeni kibali mapema.

Kikundi kinachowafikia wote kwa sauti ya wastani hakiunguzi spika, na jirani wa leo ndiye mteja wa kesho.

Maswali ya kujadiliana

– Katika kazi yetu ya mwisho, ni nani hawakusikia vizuri? Walikaa wapi?
– Mwaka huu tumetumia pesa ngapi kwa mafuta na spika zilizoungua?
– Nani kati yetu atakuwa na kazi ya kutembea uwanjani?