Miaka 18 na Wajibu wa Kulea



Tumeombwa kusema machache juu ya jambo liletalo ugomvi katika nyumba nyingi za bonde hili la Kilombero. Wazazi wakiachana, yule aliyeondoka ampe mtoto matunzo mpaka lini? Wako akina baba wahesabuo miezi kama mfungwa ahesabuvyo siku zake, na mtoto atimizapo miaka 18 husema, "Deni langu limekwisha." Neno hili ni kweli nusu tu, na nusu ya pili yatupasa kuijua.

Kwanza tuseme nusu iliyo kweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kuwa mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu yake ni juu ya wazazi wote wawili, awe amezaliwa katika ndoa au nje ya ndoa. Sheria ya zamani, iliyotungwa wakati wa ukoloni, ilimpa mtoto wa nje ya ndoa shilingi 100 tu kwa mwezi. Sheria ya 2009 iliifuta hiyo. Siku hizi mahakama hutazama mapato na mali ya wazazi, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha ya mahali pale. Basi mkulima wa mpunga hapimwi kwa kipimo cha mwenye mshahara katika kiwanda cha sukari. Amri ya matunzo hukoma mtoto atimizapo miaka 18, na hukoma hata kabla yake ikiwa amekwisha pata kazi ya kumpa riziki.

Sasa nusu iliyosahauliwa. Sheria hiyo hiyo yairuhusu mahakama kuiendeleza amri baada ya miaka 18, ikiwa kijana yu katika masomo au mafunzo ya kazi. Ombi laweza kuletwa na mzazi, au mtu anayemlea, au kijana mwenyewe.

Walimu, hebu tuhesabu pamoja. Aliyeanza darasa la kwanza na miaka 8, asirudie darasa hata moja, hutimiza miaka 18 akiwa kidato cha nne, mwaka ule ule wa mtihani. Aliyeanza na miaka 7 huitimiza mwaka aingiapo kidato cha tano. Ni kweli Serikali iliondoa ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita tangu mwaka 2022. Lakini nauli, sare na madaftari vyahitaji fedha bado. Mkono ukiondolewa hapo, kazi ya miaka kumi hupotea kwa ajili ya miezi michache.

Kijana naye asikie. Aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima. Mpunga alioulima kwa jasho lake ni wake, wala mzazi hana ruhusa ya kumnyang'anya. Lakini aliyeacha shule kwa hiari yake, na sasa apata fedha kwa kubeba abiria kwa pikipiki, asidai matunzo kwa jina la utoto. Yafaa achangie chungu cha mama yake.

Tena, wako wadhanio kuwa kumwoza binti mdogo ni njia ya kuutua mzigo. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vyapingana na Katiba.

Basi, akina mama mlio na amri ya mahakama, msingoje siku ya 18 ipite. Chukueni cheti cha kuzaliwa na barua ya mwalimu mkuu, mwendeni kwa afisa ustawi wa jamii mapema, naye atawaonyesha njia ya kwenda mahakamani. Nanyi wenyeviti, patanisheni wazazi, lakini msimsamehe mtu wajibu ambao ni haki ya mtoto.

Wazee wetu walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.