Bwana Shamba wa Zamani na Afisa Ugani wa Leo

Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata, katika mkutano wa huduma za ugani kabla ya msimu wa kilimo



Katika kila mkutano wa namna hii huulizwa maswali mawili. La kwanza huulizwa kwa sauti: bwana shamba yuko wapi? La pili husemwa chini chini, watu wakitoka: na akija, kwa nini tumsikilize? Swali la kwanza litajibiwa na Afisa Kilimo atakayenifuata. Mimi nimeomba nilichukue la pili, kwa kuwa ni swali la haki na lina umri kuliko sisi sote tuliopo hapa.

Mwaka 1902 Serikali ya Kijerumani ilianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara. Kilikuwa na maabara, maktaba na vitalu vya miche iliyotoka pande nyingi za dunia, na sifa zake zilivuka bahari. Lakini kituo hicho kilimtazama zaidi mlowezi na mazao yake, kama kahawa na mpira. Mkulima wa ulezi wa Ubena hakuwa mteja wake. Bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913, walowezi wengi waliyaacha mashamba yao, na elimu yote iliyomwagwa humo ikabaki bila mwenyewe. Katika miaka ya 1930, nchi ikiwa chini ya Waingereza, wataalamu wa Amani waliuchukua mti uleule wa mpira, ambao ni jamaa wa muhogo, wakauchanganya na muhogo ili kupata mbegu inayostahimili ugonjwa wa batobato. Mti ulioletwa kumtajirisha mlowezi ukaishia kumlinda mkulima mdogo. Ilichukua miaka thelathini.

Huo ni upande wa utafiti. Upande wa ushauri ulikuwa mchungu zaidi.

Mwaka huohuo 1902, chini ya Gavana Götzen, ulianza mpango wa mashamba ya pamoja ya pamba katika wilaya za pwani na kusini-mashariki. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wake walipangiwa siku za kulilima, akida akisimamia na kiboko kikiwa karibu. Mapato yaligawanywa mafungu matatu, na wakulima walipata fungu moja tu. Mahali pengine fungu hilo lilikuwa dogo mno hata watu wakakataa kulipokea. Tena kazi ya pamba iligongana na kazi ya chakula: siku ambazo mtu alihitajika kwenye mpunga au mtama wake, alikuwa kwenye pamba ya jumbe. Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waliing'oa pamba hiyo. Ndivyo ilivyoanza Vita ya Majimaji.

Vita hiyo ilifika hapa kwetu. Mwaka 1905 watu wa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, na wazee wa pande zile wanayo masimulizi yake. Sisemi kwamba Wabena walipigana kwa sababu ya pamba. Zao hilo halipendi baridi yetu, na kila nchi ilikuwa na kero zake za kodi, kazi za lazima na watawala kuvuliwa mamlaka. Lakini adhabu ilitupata pamoja. Jeshi lilichoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Baadhi ya wanahistoria wanakadiria waliokufa katika eneo zima la vita kuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Pamba yenyewe haikuwa na kosa. Ni zao jema mahali pake. Kosa lilikuwa kwamba mshauri hakubeba hasara yoyote na mkulima hakuwa na nafasi ya kusema hapana.

Tazameni jinsi mambo yalivyokwenda kwingine miaka hiyohiyo. Mwaka 1903, katika mji wa Terrell, jimbo la Texas nchini Marekani, mtaalamu aitwaye Seaman Knapp alitaka kuonyesha njia bora za kilimo. Badala ya kulima shamba la serikali, alimtafuta mkulima wa kawaida akubali kulima sehemu ya shamba lake mwenyewe kwa maelekezo, na wafanyabiashara wa mji wakachanga fedha za kumfidia iwapo angepata hasara. Hakupata hasara. Majirani waliokuwa wakipita njiani waliona kwa macho yao. Kutokana na majaribio ya namna hiyo, mwaka 1914 Marekani ilipitisha sheria ya huduma ya ugani kwa nchi nzima.

Kisa cha pili hunifikirisha zaidi. Huko Alabama kulikuwa na chuo cha watu weusi kiitwacho Tuskegee, kikiongozwa na Booker T. Washington. Mwaka 1906 mwalimu wake, George Washington Carver, alisaidia kubuni gari la kukokotwa na nyumbu, lililobeba majembe, mbegu na vyombo vya maziwa, likapita vijijini kuwafundisha watoto na wajukuu wa watumwa kwamba udongo uliochoshwa na pamba hurudishiwa nguvu kwa kunde na karanga. Watu walilikimbilia gari lile. Lakini mwanzoni mwa 1901 chuo hichohicho kilikuwa kimetuma wataalamu Togo, koloni la Wajerumani, kufundisha kilimo cha pamba kwa ombi la kamati ya Berlin iliyosukuma pamba hata katika nchi yetu. Huko Togo ujuzi uleule uliingia mikononi mwa dola, ukageuka kuwa kazi ya amri. Chuo ni kimoja na zao ni moja. Kilichotofautiana ni namna ya kumwendea mkulima.

Nchini mwetu pia tumeona pande zote mbili. Kilimanjaro, wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, wakiongozwa na Joseph Merinyo, wakashirikiana kupambana na wadudu na kuuza mazao, ingawa walowezi hawakupenda kabisa kuona Mwafrika akilima kahawa. Ushauri uliopita katika chama chao wenyewe walioupokea waliufanyia kazi. Bukoba, mwaka 1937, kanuni za kahawa zilizosukumwa kwa amri na adhabu zilizua ghasia. Uluguru, mwaka 1955, ikawa hivyo tena kwa matuta ya ngazi. Na wakati wote huo majirani zetu Wamatengo wa Mbinga walikuwa wakilima ngoro, yale mashimo yanayoshika maji na kuzuia udongo usishuke mlimani, bila kufundishwa na serikali yoyote, hata wataalamu wa kikoloni wakaandika kuyasifu. Hapa kwetu tuna vinyungu vya mabondeni. Afisa ugani akifika kijijini anakuta elimu tayari; si gunia tupu linalosubiri kujazwa.

Basi tumsikilize kwa nini? Jibu langu ni kwamba tusimsikilize tu. Tumpime.

Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani nchini, na mbolea ya ruzuku ikaanza kutolewa kwa wakulima waliosajiliwa. Hayo ni mema. Lakini ninyi mna haki ya kudai zaidi. Daini ratiba ya afisa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, ili asipofika siku yake Mwenyekiti aulize. Daini pia majaribio yafanyike shambani kwa mwananchi, si kando ya ofisi. Pimeni vipande viwili vinavyopakana, kila kimoja mita 10 kwa mita 10. Kimoja lima kwa desturi yako, kingine kwa ushauri wake. Mbegu ni ileile na siku ya kupanda ni ileile. Wakati wa kuvuna, pimeni kwa mizani, si kwa lumbesa. Kilo za kipande kimoja zikizidishwa kwa 40 hukupa makadirio ya ekari. Kisha ondoeni gharama ya mbolea na dawa kabla ya kusema nani ameshinda. Ikiwa njia ya afisa imeshindwa, mwambieni mbele ya watu, naye aandike. Afisa mzuri hatachukia, maana taarifa hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Mahali pa kuanzia ni udongo. Sehemu kubwa ya nyanda zetu ina udongo wenye tindikali, na katika udongo wa namna hiyo fosforasi ya mbolea hufungwa, mmea usiipate. Ndiyo maana mtu anaweza kuweka DAP kila mwaka na mahindi yakazidi kudhoofu, akadhani ameuziwa mbolea feki. Dawa yake mara nyingi ni chokaa ya kilimo, ila msiimwage kwa kukisia. Kiazi mviringo hustahimili tindikali kuliko mahindi, na chokaa ikizidi huchochea ugonjwa wa magamba, mkakosa bei sokoni Makambako. Kipimo kwanza.

Sampuli huchukuliwa hivi, na wakati wake ni sasa, kabla mvua za Novemba hazijaanza, kwa kuwa chokaa huhitaji majuma kadhaa ardhini kabla ya kupanda. Tembea shambani kwa kupinda kushoto na kulia, uchimbe sehemu kumi hadi kumi na tano, kina cha sentimita 20. Epuka palipochomwa moto, palipolala ng'ombe na penye kichuguu. Changanya udongo wote katika ndoo safi ambayo haijawahi kubeba mbolea, uchukue nusu kilo, uanike kivulini, usiuanike juani. Tia katika mfuko, uandike jina lako, kitongoji, na zao ulilopanda msimu uliopita. Mwenye shamba la bondeni na la mlimani atengeneze mifuko miwili, maana udongo wa kinyungu si udongo wa kilimani. Mkabidhi afisa ugani wa kijiji mbele ya Mtendaji, na umtake akuandikie tarehe ya kupokea.