Penye Wazee Haliharibiki Neno: Mashindano ya Tahajia kwa Wazee wa Parokia

(Hotuba ya timu ya elimu ya watu wazima mbele ya kamati za parokia na wafadhili)



Tumesimama mbele yenu kuomba jambo ambalo wengine hulicheka wanapolisikia mara ya kwanza. Tunaomba kila parokia iandae, walau mara moja kwa mwaka, mashindano ya tahajia kwa wazee. Tahajia ndiyo ile tuliyoiita shuleni kuendeleza maneno: neno linatamkwa, nawe unaliandika au unalitaja herufi kwa herufi.

Ndugu zetu, wazee wetu hawaanzi sifuri. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa takriban asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Kijana wa miaka 25 aliyeingia darasani mwaka ule wa 1970 sasa ni mzee aliyevuka 80. Lakini madarasa mengi yalifungwa, vitabu vikaisha, na aliyekosa cha kusoma akasahau. Jembe lisilolimiwa hula kutu.

Kutu hiyo ina gharama. Mzee ana shamba, ana kadi ya kliniki, ana simu ya kupokelea fedha kutoka kwa wanawe. Akiletewa hati, anatia dole gumba kwenye maneno asiyoyajua. Akitaka kutoa fedha, anampa mtu namba yake ya siri. Wajukuu wengi ni waaminifu, tunamshukuru Mungu. Lakini asiye mwaminifu akiwa mmoja tu, shamba limekwenda.

Wapo wanaosema umri umepita. Tuwakumbushe Mzee Kimani Maruge wa Kenya. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi Kapkenduiyo, Eldoret. Alieleza kwamba alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Alifariki mwaka 2009 akiwa anasoma na kuandika.

Mashindano yenyewe yana asili Marekani. Ya kitaifa kwa wanafunzi yalianza mwaka 1925, na mwaka 1996 yakaanzishwa mengine mjini Cheyenne, jimbo la Wyoming, kwa watu wa miaka 50 na zaidi. Huko washiriki wote waliandika kwanza kwenye karatasi, na waliofanya vizuri zaidi ndio waliopanda jukwaani. Utaratibu huo unatufaa sana, kwa sababu karatasi haimwaibishi mtu mbele ya wakwe zake.

Mtauliza: Kiingereza kinaandikwa tofauti na kinavyotamkwa, lakini Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa. Tutashindania nini? Yapo mengi. Lugha nyingi za nyumbani hazitofautishi l na r, na huko ndiko mzee hukwama: mahali na mahari, kula na kura. Kuna thamani na samani, dhamana, fedha, ghali, ng'ombe. Kuna pia kutenganisha maneno, maana wengi huandika "kwasababu" pamoja. Mzee anayetofautisha thamani na samani kwenye karatasi ya mkopo ameshinda zaidi ya zawadi.

Sasa utaratibu tunaoupendekeza.

Kwanza, mazoezi yatangulie. Kila jumuiya ndogo ndogo ikutane mara moja kwa wiki, kwa miezi miwili, baada ya sala. Hayo mazoezi ndiyo kazi yenyewe. Siku ya mashindano ni sababu ya kuyafanya.

Pili, maneno yatoke katika maisha yao: hati, mpaka, shahidi, mirathi, wosia, riba, dhamana, dozi, majina ya vijiji na majina ya wajukuu. Orodha igawiwe mapema, iandikwe kwa herufi kubwa.

Tatu, heshima. Msomaji wa maneno awasalimu wazee kwanza kwa shikamoo, atamke polepole, arudie kila anapoombwa. Anayependa jukwaa apande kwa hiari, wawili wawili kutoka jumuiya moja, ili mmoja amshike mkono mwenzake. Neno likikosewa, ukumbi mzima ulitaje kwa usahihi pamoja, na mzee aketi kwa makofi. Anayesikia kwa shida akae mbele.

Nne, macho. Kuanzia miaka 40 hivi, jicho la kila binadamu huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Mzee tunayedhani amesahau kusoma huenda haoni herufi. Kwa hiyo, kabla ya mazoezi, aalikwe mhudumu wa macho kutoka kituo cha afya. Wengi watahitaji miwani ya kusomea tu. Mwenye mtoto wa jicho apelekwe hospitali, maana huyo miwani haitamtosha.

Hapa tunawageukia wafadhili wetu. Hatuombi jengo. Tunaomba miwani ya kusomea, madaftari, kalamu, chaki, na nauli ya mhudumu wa macho. Kamati za parokia zitatoa ukumbi, uji na maandazi. Zawadi ziwe za kumfanya mzee aendelee kusoma: taa ya sola, Biblia ya maandishi makubwa. Na kila aliyeshiriki apate daftari.

Tunajua yatasemwa kwamba fedha hizi zingewafaa watoto. Watoto hao jioni wanarudi kwa nani? Katika nyumba nyingi za parokia zetu wanarudi kwa bibi. Bibi anayesoma ataliuliza daftari, ataona ukurasa usio na tarehe ya leo, na mtoto atajua hawezi kumdanganya.

Kwa tarehe, tunapendekeza kati ya tarehe 8 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, na tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee. Mavuno yamekwisha sehemu nyingi, na barabara zinapitika.

Katika Injili ya Luka tunamwona mzee Zakaria, ambaye hakuweza kusema, akiomba kibao na kuandika jina la mwanawe. Ndugu na jirani walikuwa wamekwisha kumchagulia mtoto jina jingine. Maneno aliyoyaandika kwa mkono wake yalimaliza ubishi. Wazee wetu nao wana maneno ya kuandika kuhusu mashamba yao, wosia wao na watoto wao, na hatupendi yaandikwe na wengine kwa niaba yao.

Kamati iliyo tayari ituletee jina la msimamizi wake kabla ya mkutano ujao.